Je, Wajua? Mtema wa Kilombero aliandika sura yake mwenyewe

Nasaba 30 za mafarao wa Misri tunazozihesabu leo zilipangwa na Mmisri mwenyewe: kuhani Manetho, karne ya 3 kabla ya Kristo. Kitabu chake kimepotea. Vilivyobaki ni vipande tu, walivyonakili wengine.

Bonde la Kilombero, Tanzania, nalo lina Manetho wake. Mwaka 1935 kilitoka London kitabu *Ubena of the Rivers*, kuhusu Wabena wa bondeni. Kiliandikwa na Mwingereza Culwick na mkewe, lakini kina jina la tatu: Mtema Towegale Kiwanga. Mtema, yaani mtawala. Alichangia sura nzima, na bahati nzuri kitabu hiki hakikupotea!

Vita vya Maji Maji vilipozuka 1905, ukoo wa mtema huyo, akina Kiwanga, ulisimama upande wa Wajerumani. Majirani zao wengi walijiunga na waasi, wakiamini maji ya dawa.

Ufalme wa Misri ulizimwa na majeshi ya Roma, mwaka 30 kabla ya Kristo. Kuuzima utemi wa Kilombero hakukuhitaji hata mkuki mmoja. Mwaka 1963 sheria ilifuta machifu Tanganyika nzima, kutoka Mofu, huko Kilombero, hadi Bukoba.