Gari la mbio la mtumba: cha kukagua kabla pesa ya mpunga haijatoka mfukoni

Msimu wa kuuza mpunga ukifika, simu nyingi za Mlimba na Ifakara hujaa picha za magari. Kuna Altezza nyeupe, kuna Subaru yenye tundu la hewa juu ya boneti, kuna Mark II GX 110 iliyoshushwa chini. Bei inaonekana imepoa, injini inanguruma kwenye video, na dalali yuko Dar es Salaam anasubiri muamala.

Gari la aina hiyo lina raha yake. Lakini likinunuliwa kwa ajili ya kukimbizwa, halikaguliwi kama gari la kwenda kazini. Gari linalokwenda sokoni kila siku bila shida linaweza kufa ndani ya dakika 15 za mwendo mkali. Na pesa iliyolinunua ni jasho la msimu mzima.

Hivi ndivyo mnunuzi anavyoweza kuchagua gari la zamani la mbio bila kuingizwa mjini.

Linaenda kukimbia wapi?

Nchi zenye viwanja vya mbio vya lami, kama Uingereza na Afrika Kusini, zina siku maalumu za watu wa kawaida kuingia uwanjani na magari yao. Mwenye gari analipa ada, anavaa helmeti, anaelekezwa maana ya bendera, kisha anazunguka. Hakuna kombe wala mshindi. Uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, ni mmoja wa viwanja hivyo vya lami.

Tanzania haina uwanja mkubwa wa lami wa kudumu kama huo. Mchezo wa magari hapa umekulia kwenye vumbi: mashindano ya rali ya Iringa, Tanga, Arusha na Morogoro, kwenye barabara za udongo zinazofungwa kwa muda.

Kwa mtu wa Mlimba hilo si jambo dogo. Njia ya Ifakara hadi Mlimba inafahamika kwa vumbi la kiangazi na tope la masika. Gari lililoshushwa chini kwa ajili ya lami litakwaruza tumbo kabla halijafika nyumbani.

Kwa hiyo mnunuzi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuliacha gari la chini Ifakara, Morogoro au Dar, kwa ndugu au kwa fundi anayeaminika. Ya pili ni kununua gari linaloweza vumbi: lililoinuka kidogo, lenye shokapu imara na bamba la chuma la kukinga injini kwa chini. Akishaamua hapo, nusu ya magari yaliyo kwenye simu yake yanajifuta yenyewe.

Wazee walishinda na magari gani?

Anayedhani mbio ni za magari mapya na farasi wengi aangalie Safari Rally ya zamani, ile iliyokuwa inapita Kenya, Uganda na Tanzania.

Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant. Walikuwa na Volvo PV544, gari la umbo la kizamani hata kwa wakati ule. Tena lilikuwa la mtumba: timu ya kiwanda ililitumia kwenye Safari ya 1964, kisha likauzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Joginder alikuwa fundi. Alilitengeneza upya na kuwashinda waliokuja na magari mapya.

Mwaka uliofuata, 1966, na tena 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, aina ileile iliyobeba familia na abiria wa teksi miaka hiyo.

Peugeot 404 ilishinda pia mwaka 1963 na 1968. Katika kila moja ya mashindano hayo mawili, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mengine yote yaliishia njiani.

Kwa mnunuzi wa leo somo ni rahisi: gari linalomaliza ni bora kuliko gari lenye sifa. Hali ya gari inatangulia, jina linafuata.

Majina yanayotajwa sana

*Toyota Altezza.* Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 na inasukumwa na tairi za nyuma. Ziko aina mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda 4, yenye nguvu za farasi zipatazo 210 kwa gia za mkono. AS200 ina 1G-FE, silinda 6, farasi wapatao 160. Kwa nje zinafanana, na hapo ndipo wengi hupigwa: wanalipa bei ya RS200 na kuletewa AS200. Dawa ni kufungua boneti na kusoma aina ya injini, si nembo ya nyuma. AS200 nayo si mbaya. Injini ya 1G-FE imo pia kwenye Mark II nyingi, hivyo spea na mafundi wapo.

*Subaru Impreza WRX.* Ilitoka mwaka 1992, ina turbo na inavuta tairi zote nne, jambo linalosaidia sana kwenye udongo. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza. Lakini injini yake haitaki uzembe. Oili ikipungua, beringi za chini huumia. Taimingi belti ikikatika, valvu hugongana na pistoni. Mwenye gari asiyejua belti ilibadilishwa lini anauza tatizo.

*Mitsubishi Lancer Evolution.* Tommi Mäkinen alishinda nayo Safari mwaka 1996. Ni mashine kweli, ila bei na spea zake si za mtu anayejaribu mchezo kwa mara ya kwanza.

*Starlet au Corolla.* Hazina mbwembwe, lakini Starlet ya miaka ya 1990 ina uzito wa chini ya tani moja. Gari jepesi linakula tairi taratibu, breki zake hazichemki haraka, na spea zinapatikana mpaka Ifakara. Kwa anayeanza, hili ndilo darasa zuri. Dereva hujifunza kona na breki kabla ya kujifunza kulipia turbo.

Bodi kwanza, injini baadaye

Injini inaweza kubadilishwa. Bodi iliyopinda haina dawa ya bei nafuu.

Gari lipandishwe juu. Fundi aangalie kutu kwenye chesisi, mahali shokapu za mbele zinapofungwa, na chini ya milango. Aangalie alama za kuchomelea na rangi isiyofanana. Milango ifunguke na kufungwa bila kunyanyuliwa. Nafasi kati ya boneti na mabawa iwe sawa pande zote mbili.

Kwa gari linalotoka Japani, mnunuzi adai karatasi ya mnada. Daraja la R au RA maana yake ni kwamba gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Hilo si lazima liwe kosa, lakini bei na ukaguzi vinabadilika.

Kingine ni mafuriko. Watu wa bonde la Kilombero wanajua maji yanavyoacha alama. Zulia liinuliwe: matope makavu chini yake, kutu kwenye reli za viti au harufu ya uvundo ni dalili kwamba gari lilizama. Umeme wa gari lililozama hausahau.

Injini iguswe ikiwa baridi

Muuzaji akikutwa tayari ameiwasha na imepata moto, mnunuzi asubiri ipoe. Matatizo mengi huonekana inapowashwa mara ya kwanza asubuhi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Kifuniko cha oili kikiwa na utando unaofanana na chai ya maziwa, maji na oili huenda vimekutana.

Halafu kipimwe kompresheni. Namba moja kubwa haitoshi. Kinachotafutwa ni silinda zote kukaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, bei iliyoandikwa si bei ya gari zima.

Mwisho, rejeta. Injini inayokimbizwa inatoa joto jingi, na kiangazi cha bonde hakina huruma. Rejeta iliyozibwa kwa gundi, feni isiyowaka au mipira iliyovimba ni mambo ya kubadilisha kabla ya kufikiria mafla kubwa.

Breki: hapa ndipo watu huumia

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza huongezeka mara nne. Gari linalosimama kutoka kilomita 120 kwa saa linazipa breki joto mara nne ya lile linalosimama kutoka 60. Linaporudia hivyo kila kona, disk na pedi za kawaida huanza kuchoka.

Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa taratibu. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi karibu 140. DOT 4 huanza 230 na hushuka hadi karibu 155. Yakichemka hutengeneza mapovu, na povu hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari haliishiki breki.

Ndiyo maana mafuta mapya ya breki, pedi nzuri na mipira isiyo na nyufa vinatakiwa kuwa matumizi ya kwanza. Rimu za kung'aa zinaweza kusubiri.

Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni kuna namba nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini la miaka mingi limeshakuwa gumu kama ndoo. Halishiki kona, na kwa mwendo mkali linaweza kupasuka.

Hesabu ya pesa

Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani asome gharama za TRA kabla ya kulipa. Gari dogo la abiria lenye umri wa kuanzia miaka 8 hadi 10 limekuwa likitozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililovuka miaka 10 asilimia 30. Hiyo ni juu ya ushuru wa forodha, VAT na tozo nyingine. Altezza au Impreza ya zamani imevuka miaka 10 zamani sana. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika, na kinafunguka hata kwenye simu.

Anayenunua lililopo nchini aangalie kadi ya gari, namba ya chesisi na namba ya injini. Vyote vikubaliane. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa inaleta usumbufu siku ya kuhamisha umiliki.

Baada ya hapo pesa isiishe. Belti, oili, mafuta ya breki, pedi, tairi na maji ya rejeta vinatakiwa kabla ya mbio za kwanza. Kama fedha yote inaishia kwenye kununua tu, gari hilo ni ghali kwa mnunuzi huyo, hata kama bei imeshuka. Bora ashuke daraja, achukue Starlet nzima kuliko Subaru mgonjwa.

Barabara si uwanja

Kuna kishawishi cha kulijaribu gari jioni kwenye kipande kilichonyooka. Kwenye mashindano, barabara hufungwa, kuna gari la wagonjwa, na kila dereva anajua hakuna atakayetokea mbele yake. Kati ya Ifakara na Mlimba kuna bodaboda bila taa, ng'ombe wanaovuka, baiskeli zenye magunia na watoto wanaotoka shule. Kisheria mwendo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na bima haikununuliwa kwa ajili ya mashindano ya mtaani.

Anayetaka kukimbia kihalali aulize kupitia Automobile Association of Tanzania (AAT), ambayo ni mwanachama wa FIA, na klabu za magari za mikoani. Wengi huanza kwa kujitolea kusimamia njia siku ya mashindano. Mtu anayaona magari yakiingia yakiwa mazima na kutoka yakivutwa, anauliza mafundi kilichovunjika, na anajifunza bure.

Baada ya hapo, safari ya kwenda kuliona gari isiwe ya mtu mmoja. Nauli na posho ya fundi wa Ifakara kwenda Dar na kurudi ni pesa ndogo ukilinganisha na injini moja. Na fundi akisema hapana, basi la kurudi bado lipo, na pesa ya mpunga bado iko salama.