Akiba ya Chuma: Injini ya Ziada Isigeuke Balaa Nyumbani

Akiba haiozi, husema wahenga. Lakini akiba ya chuma ina adui zake, na mkubwa wao katika pwani yetu ni unyevu wa bahari. Nyumba nyingi hapa Mombasa na viungani mwake zina injini ya ziada iliyolazwa uani au chini ya ngazi, ikingojea siku ya kuhitajiwa. Aliyeinunua mara nyingi ni baba. Anayeishi nayo mchana kutwa ni mama na watoto.

Kwetu ilikuwa injini na giaboksi yake, zilizokwisha kutumika Japani. Gari dogo la mizigo la mume wangu ndilo linalotulisha, naye aliona ni busara kuwa na nyingine ya kushika mahali pake siku ile ya kwanza itakapogoma. Mahamali walizileta kwa mkokoteni. Injini iliwekwa juu ya mawe matatu, ikafunikwa nailoni, nasi tukaizoea kama tulivyouzoea mtungi wa maji.

Masika mawili yalipita juu yake. Alasiri moja mwanangu wa miaka minne aliipanda akimfuata paka. Jiwe likateleza, injini ikainama. Nilimvuta mkono kabla haijalala ubavu, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuumia. Jioni fundi alipokuja kuinyanyua, alijaribu kuizungusha kwa spana, ikakataa katakata. Mvua ilikuwa imepenya ndani na silinda zilishikwa na kutu. Siku hiyo moja ilitufunza mambo mawili: mali tuliyoiita akiba ilikwisha kuharibika zamani, na uzembe ulioiharibu ndio uleule uliokaribia kumdhuru mtoto. Haya yafuatayo ni mafunzo tuliyoyapata kwa fundi yule.

La kwanza ni mahali. Injini ya silinda nne huweza kufikia kilo 100 na zaidi, na giaboksi nayo si mzigo wa mtu mmoja. Kwa hiyo isipandishwe ghorofani, hasa katika nyumba zetu za kale ambazo dari zake zimebebwa na boriti. Isiwekwe jikoni, wala karibu na jiko la makaa au mtungi wa gesi, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni mpaka uufikie moto. Wala isizibe mlango au njia ambayo familia itaikimbilia wakati wa hatari. Stoo kavu ya chini, yenye kufuli na isiyoingia maji ya mvua, ndiyo mahali pake.

La pili ni kulala kwake. Mawe na matofali hayaaminiki. Injini huwekwa juu ya fremu imara ya mbao iliyoinuka kutoka sakafuni, nayo huzuiliwa kwa vipande vya mbao pande zote isiyumbe. Isikalie sampu, yaani lile bakuli la chini la oili, kwani bati lake hubonyea. Giaboksi itenganishwe na injini na iwe na kitanda chake. Ikiwa ni ya otomatiki, konvata, lile duara zito la mbele, lifungwe kwa waya au kipande cha bati, maana huweza kuteleza likamwangukia mtu mguuni. Kunyanyua ni kazi ya winchi ya cheni na watu wenye uzoefu. Asisimame mtu chini ya mzigo unaoning'inia, na watoto wawekwe mbali mpaka kazi iishe.

La tatu ni kuiandaa. Petroli iliyobaki katika mipira na mabomba imwagwe nje ya nyumba, mbali na moto wowote. Oili ya zamani itolewe, kwa kuwa hubeba unyevu na uchafu unaokula chuma, kisha itiwe safi. Kila silinda itiwe kijiko kimoja cha oili safi kupitia tundu la plagi, injini izungushwe kwa mkono mara mbili tatu, na plagi zirudishwe. Matundu yote ya hewa, ya moshi na ya mabomba yazibwe kwa vifuniko au utepe imara, mende na panya wasipate makazi. Sehemu za chuma kitupu zipakwe oili au grisi nyepesi, isipokuwa sahani ya klachi, ambayo mafuta huiharibu.

Nailoni iliyokumbatia chuma hunasa jasho ndani yake. Afadhali shuka nene la pamba au turubai lililoachwa wazi chini, hewa ipite.

La nne, ambalo akina mama tulishike zaidi, ni vimiminika. Kulanti, yale maji ya rangi yanayotiwa kwenye rejeta, mara nyingi huwa na ladha tamu, nayo ni sumu inayoharibu figo. Kiasi kidogo huweza kumuua paka, na mtoto pia yumo hatarini. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, apelekwe hospitali papo hapo, bila kungoja dalili. Oili chafu isimwagwe uani wala kwenye mtaro, kwani wengi wetu hutumia maji ya visima, na uchafu wetu ndio atakaouteka jirani. Ifungwe katika dumu na kurudishwa gereji. Matambara yenye mafuta nayo yasikae karibu na jiko. Na anayeishika injini akumbuke kuwa grisi iliyoganda huzuia maji kufika ngozini. Basi aisugue vyema kwa sabuni kabla ya udhu.

Hatimaye, mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti na namba ya injini vihifadhiwe pamoja na hati nyingine za nyumba. Kitabu cha gari huandikwa namba ya injini, na siku ya kuibadilisha karatasi hizo zitaulizwa.

Injini yetu ya kwanza iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Iliyofuata ipo stoo, juu ya mbao zake. Kila mwezi unapoandama, mume wangu huchukua spana akaizungusha kidogo kuelekea upande wake wa kawaida, nami nikachungulia chini yake kama pana tone lililovuja. Kisha tunafunga mlango, na ufunguo naukaa nao mimi.