Kijito kilichoharibiwa na vita: ni kosa la nani?

Katekista mmoja wa upande wa Kilo aliniuliza hivi: «Padri, wafu wa vita tuliwazika, nyumba tulizijenga tena, lakini kijito chetu hakikurudi. Hilo nalo ni kosa mbele ya sheria, ao ni bahati mbaya tu?»

Tuanze na zahabu. Wazungu waliivumbua katika Ituri mwaka 1903, na tangu 1905 Kilo ni inchi ya machimbo. Kuchimba kwaharibu udongo hata wakati wa amani. Lakini katika vita vya 1999 hata 2003, mwenye bunduki hakujua kesho atalala wapi. Mongbwalu, jirani ya Kilo, ilipita mikononi mwa kikundi hiki na kile. Basi walichimbisha kwa haraka: kijito kugeuzwa njia yake, mashimo kuachwa wazi yajae maji na mbu. Kule Durba, upande wa Moto, askari wa Uganda walitumia baruti ndani ya chimbo la Gorumbwa. Likabomoka, likajaa maji.

Tena kuna zebaki. Yashika chembe za zahabu. Ikichomwa yatoka kama moshi, mchimbaji anauvuta, na mtoto aliye karibu vilevile. Ile inayomwagika mtoni yageuka sumu kali na kuingia katika samaki. Mama anayechota maji haoni kitu.

Sheria yasemaje? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, yampa kila mtu haki ya kuishi mahali penye afya. Mkataba wa Afrika wa 1981, kifungu cha 24, wawapa watu wote haki ya namna hiyo. Na Protokole ya Pili ya Genève, ya 1977, hata katika vita vya ndani ya inchi yakataza kuharibu mashamba, mifugo na maji ya kunywa kwa shabaha ya kuwatesa raia kwa njaa. (Hapo ndipo penye udhaifu, naona mimi: mwenye bunduki hakutafuta njaa ya mtu, alitafuta zahabu.)

Mwaka 2005 Tribinali ya Haki ya Mataifa, huko La Haye, ilihukumu kwamba Uganda iliikalia Ituri kwa nguvu, basi ilipaswa kuzuia unyanganyi hata wa vikundi vingine. Tarehe 9 Februari 2022 ikaagiza Uganda ilipe dolari milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali zao, 60 kwa utajiri wa inchi, zahabu ikiwamo. Kwa pori lililokatwa, hata franga moja. Siyo kwamba sheria haijui kosa hilo: mwaka 2018 Tribinali hiyohiyo iliagiza Nicaragua iilipe Costa Rica kwa ajili ya miti. Lakini Costa Rica ilileta hesabu, miti karibu 300. Kongo haikuleta kipimo cha hasara hiyo.

Nilimjibu katekista: ni kosa, naye aliyeshika inchi kwa silaha analo deni. Kisha nikamwuliza: kijito kilikuwa na upana gani? Jamaa ngapi walichota humo? Samaki gani walivuliwa, na walikwisha mwaka gani? Akanyamaza. Halafu akasema yuko mzee mmoja, mvuvi wa zamani, anayekumbuka yote. Kesho yake tulikwenda kwake na daftari.