Spika ipi ibadilishwe kwanza?

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, sebule haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka iwe na runinga pana na seti ya spika, ambayo wengi wetu, iwe ya aina yoyote, tumezoea kuiita sabufa. Na pindi fedha kidogo zinapopatikana, wazo la kwanza la vijana huwa ni kununua sabufa kubwa zaidi. Tunaandika makala haya kwa kuwa wazo hilo lilikaribia kututia hasarani.

Nyumbani kwetu tuna seti ya spika tano na boksi la besi. Kwa miezi kadhaa tulimwona baba yetu mzazi akiinuka katikati ya taarifa ya habari na kwenda kukaa barazani peke yake. Tulidhani runinga imemchosha. Siku tulipomuuliza, alitujibu kuwa yeye anasikia ngurumo tu, maneno hayasikii. Vijana wakashauri inunuliwe seti nyingine nzima yenye nguvu zaidi. Fedha iliyokuwapo ilitosha kubadili kitu kimoja tu, basi ikatulazimu kujifunza kwanza kila spika ina kazi gani.

Seti kama hiyo huitwa 5.1, yaani spika tano na boksi moja la besi. Spika ya kati, inayowekwa chini ya runinga, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo katika filamu. Za kushoto na kulia hubeba zaidi muziki na mwendo wa vitu. Mbili za nyuma hubeba mvua, upepo na shangwe za watu. Boksi la besi hubeba mitetemo mizito, kwa kawaida ile iliyo chini ya hezi 80 hadi 120.

Sasa tuitazame sauti ya mwanadamu. Msingi wake huanzia kama hezi 85 kwa mwanamume mwenye sauti nzito na kufika karibu hezi 255 kwa mwanamke. Lakini herufi zinazotenganisha neno na neno, kama zile zinazotofautisha “fika” na “shika”, hutegemea sauti nyembamba za hezi 2000 na kuendelea. Umri unaposonga, sikio hupoteza kwanza sauti hizo nyembamba. Kwa hiyo tunapoongeza sauti ya seti nzima ili mzee asikie, tunaongeza na besi, nayo besi huyafunika maneno yale yale aliyokuwa akiyatafuta. Isitoshe, besi hupenya kuta kwa wepesi kuliko maneno. Mzee hafaidiki, na jirani mwenye haki ya kulala anakoseshwa usingizi.

Wala tusidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye katoni. Kuongeza sauti kwa desibeli 3 tu kunahitaji nguvu maradufu. Anayetoka wati 50 kwenda wati 100 atapata ongezeko dogo kuliko alivyotarajia. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Kabla ya kutoa fedha, msomaji afanye majaribio ambayo hayana gharama. Asogeze sikio karibu na kila spika wakati wa habari. Sisi tulipofanya hivyo tulikuta spika ya kati iko kimya kabisa! Sababu ni kwamba matangazo mengi ya runinga huja na sauti ya njia mbili tu, kushoto na kulia, na seti isipoamriwa kuigawa, spika ya kati haipati kitu. Katika seti nyingi amri hiyo huitwa Pro Logic. Tulipoiweka, spika ikaanza kusema.

Jaribio la pili ni mahali. Spika yetu ilikuwa imesukumwa ndani kabisa ya kabati, na mbele yake kumening'inia kitambaa kizuri cha kufuma. Tuliisogeza hadi ukingoni mwa kabati, tukaiinamisha kuelekea masikio ya aliyeketi, na kitambaa kikahamia mezani. Tatu ni chumba chenyewe. Sakafu ya vigae na kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi unaochafua maneno. Zulia, mapazia mazito na mito huupunguza.

Baada ya hayo maneno yalisikika, lakini kwa mkwaruzo. Fundi alipoifungua spika alituonesha ukingo wa sponji unaoshikilia koni umemomonyoka, jambo la kawaida kwa sponji iliyokaa miaka mingi katika joto na unyevu. Ukingo huweza kubadilishwa peke yake. Kwetu koni nayo ilikuwa imechanika, tukanunua spika ya kati nyingine.

Basi mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Ya kwanza kubadilishwa iwe spika ya kati. Zifuate za kushoto na kulia, na ikiwezekana zote tatu ziwe za aina moja ili sauti isibadilike inapohama upande. Za nyuma zingoje. Boksi la besi libadilishwe pale tu linapokuwa bovu. Mwenye sabufa ndogo yenye spika mbili aelewe kuwa hizo mbili ndizo zinazobeba maneno, hivyo aanze nazo kabla ya kutamani boksi kubwa. Katika hali zote, asome omu zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Ikiandikwa 8, asiunganishe spika ya 4, kwani amplifaya huweza kupata joto na kuungua.

Fedha iliyosalia tulinunulia zulia. Baba amerejea kukaa nasi sebuleni. Usiku wa juzi, taarifa ya habari ikiendelea, alitugeukia akatutaka tupunguze sauti.