Kambo, karatasi za mujukulu ziko wapi?

Munataka kwenda Ndola ku ndoa, munabeba mujukulu. Toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kilometa karibu 90, na pale mtu wa DGM anauliza: «Huyu mutoto ni wa nani?»

Kusema «nimemulea mimi» ni kweli, lakini haitoshi. Chini ya miaka 18, mutoto iko chini ya mamlaka ya baba na mama, hata kama analala kwako tangu anyonye. Basi chukua barua ya ruhusa yenye sahihi za wazazi na muhuri; kama mmoja alikufa, akte ya kifo chake. Chukua tena paspoti ya mutoto na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Karte hiyo inaanza kazi siku 10 kisha sindano, usingoje usiku wa safari.

Mwenye kusumbua ni akte ya kuzaliwa. Zikipita siku 90 bila kumuandikisha mutoto, komini haitoshi, ni tribinali. Na baba akiwa kwenye machimbo, simu haipatikane? Anza kutafuta sahihi yake leo.