Mtunza Vitabu na Fundi wa Ordinatere

Kitabu kisichoonekana ni sawasawa na kitabu kisichokuwapo. Mwalimu wa dini anatoka Kabambare mpaka Kasongo, anauliza kitabu, anajibiwa: hakuna, kumbe kimo kabatini. Siku hizi maktaba nyingi zinaandika vitabu vyao katika ordinatere. Lakini mashini peke yake haiondoi hasara hiyo. Kwa sababu gani?

Tutwae mfano wa kwetu. Msomaji anatafuta habari za Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo. Anaandika jina hilo. Lakini pengine kitabu kimeandikwa kwa jina la Hamed bin Muhammed el Murjebi, pengine Tippo Tib. Ordinatere haijui ya kuwa huyu ni mtu mmoja. Inafuata herufi tu. Vilevile Maniema ilitengwa na Kivu mwaka 1988. Basi habari zake za zamani nyingi zimewekwa chini ya jina la Kivu. Na nchi yetu iliitwa Zaire toka 1971 mpaka 1997.

Mtunza vitabu anajua mambo haya, kwani kila siku anasikia namna watu wanavyouliza. Fundi wa programu hayajui, lakini yeye ndiye anayeweza kuiamuru mashini: jina moja likiandikwa, yote yatokee. Sharti basi wakae pamoja toka mwanzo.

Ndivyo walivyofanya huko Nyuzilandi mwaka 1999. Maktaba za Horowhenua zilikuwa na programu ya zamani isiyoweza kuvuka mwaka 2000. Watunza vitabu wakawaeleza mafundi wa Katipo Communications kazi yao yote, nao wakatunga programu mpya, Koha, maana yake zawadi kwa lugha ya Kimaori. Ikaanza kazi Januari 2000, wakaitoa bure kwa watu wote. Leo inatumika hata Kenya, Tanzania na Uganda.

Nasi tufanye nini? Mbele ya kununua mashini, tuweke daftari mezani. Upande mmoja tuandike maneno yenyewe ya msomaji. Upande wa pili, kitabu alichokihitaji. Halafu fundi akija, tumpe daftari hiyo, tena akae siku nzima akitazama wasomaji wanavyotafuta, bila kuwasaidia. Pale wanaposhindwa, ndipo pa kutengeneza. Na pasipo umeme, daftari hiyo hiyo itamsaidia msomaji wa kesho.