Kumwendea Mshauri Nasaha si Upungufu wa Imani

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Yako maswali ambayo Waislamu huyauliza msikitini kwa sauti ya chini, watu wengine wakiwa wameshatoka. Mojawapo ni hili: je, inajuzu kwa Muislamu aliyeelemewa na huzuni, khofu au ghadhabu isiyokwisha, kumwendea mshauri nasaha wa kulipwa, mtu asiye jamaa yake wala imamu wake, akamweleza yaliyomo moyoni? Swali hili huulizwa Dar es Salaam na Mombasa, na huulizwa pia Mpanda, mji ambao reli itokayo Kaliua huishia hapo. Mara nyingi muulizaji huwa ameshajibiwa nyumbani kwake: mwenye imani haumwi nafsi, aswali, asome Qur'an, yatapita.

Jawabu ni kwamba inajuzu, na iko hali ambayo jambo hilo hukaribia kuwa wajibu. Tueleze.

Wahyi ulipomshukia Mtume (S.A.W.) kwa mara ya kwanza katika pango la Hira, alirejea nyumbani moyo ukimtetemeka, akaomba afunikwe nguo. Khofu ilipompungua alimsimulia mkewe yaliyomkuta, akamwambia kwamba aliikhofia nafsi yake. Habari hii imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Tazameni alivyofanya Bibi Khadija (R.A.). Alimfunika, akamwacha atulie, akamsikiliza. Kisha akamtajia moja baada ya nyingine sifa zake njema: kuunga udugu, kumbebea mnyonge mzigo wake, kumkirimu mgeni. Baada ya hayo, na hapa ndipo wasomaji wengi hupita haraka, hakuona kwamba faraja ya nyumbani inatosha. Alimchukua mumewe akampeleka kwa Waraqa bin Naufal, mzee aliyekuwa na elimu ambayo Bibi Khadija mwenyewe hakuwa nayo. Naye Waraqa alianza kwa kumuuliza ameona nini, ili ayasikie kutoka kinywani mwake.

Hatusemi kwamba wahyi ulikuwa maradhi. Mwenyezi Mungu atuepushe na kauli hiyo. Tunachokitafuta ni adabu ya nyumba ile. Mtu bora kuliko watu wote alieleza khofu yake, mwandani wake hakumkemea, na wote wawili wakatoka kwenda kwa mwenye elimu. Nani leo ataiita hatua hiyo upungufu wa imani?

Wako wanaoshika kauli ya Nabii Yaaqub (A.S.) katika Suratu Yusuf, kwamba yeye humshitakia Mwenyezi Mungu peke yake huzuni yake, wakasema kuwaeleza watu ni kukosa subira. Lakini sura hiyo hiyo inatuambia kwamba macho ya Mtume huyo yaligeuka meupe kwa huzuni, wala hakulaumiwa kwa hilo. Katika Suratul Qasas tunasoma jinsi moyo wa mama yake Musa ulivyobaki mtupu, na katika Suratu Maryam tunamsikia Bibi Maryam, katika uchungu wa kuzaa, akitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Kinachokatazwa ni kumnung'unikia Mola kwa kadari Yake. Kueleza hali ili upate tiba ni jambo jingine. Ibn Mas'ud (R.A.) alipomgusa Mtume (S.A.W.) katika maradhi yake na kusema kwamba homa yake ni kali, Mtume hakuificha, alimjibu kwamba yeye huumwa kama wanavyoumwa watu wawili.

Wanazuoni wetu waliijua elimu hii mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, na katika sehemu ya nafsi akazungumzia ghadhabu, khofu, huzuni na fikra za wasiwasi. Aliitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomshika mtu pasina yeye kujua imetoka wapi. Akasema pia kwamba nafsi hutibiwa kwa njia mbili: kwa fikra ambazo mtu huzijenga ndani yake, na kwa maneno ya mtu mwingine yamjiayo kutoka nje. Katika zama zetu, Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, alitumia umri wake kuwafundisha wanasaikolojia wa Kiislamu wachukue katika elimu ya Magharibi kilicho cha manufaa na kuacha kinachopingana na itikadi. Ndiyo kusema, anayedai kwamba haya ni mambo ya Wazungu hajasoma maktaba ya babu zake.

Hapa kwetu neno ushauri nasaha lilienea sana miaka ya 2000 kupitia vituo vya kupima virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo hadi leo, mtu akionekana akiingia kwa mshauri, majirani humhesabia ugonjwa ule. Fedheha hiyo imewazuia wengi.

Nao watu wa Katavi wana mengi ya kubeba. Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012 kutoka Rukwa una Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na Mishamo, iliyofuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mwanazuoni mmoja wa elimu ya jamii, Liisa Malkki, aliishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kukuta watu wakiisimulia historia ya mauaji yale mara kwa mara, wakiwa pamoja. Hilo lina faida yake. Ila simulizi ya umma haimpi mtu nafasi ya kusema lile aliloliona yeye peke yake akiwa mtoto wa miaka saba, nalo ndilo linalomwamsha usiku hata baada ya kuwa babu.

Aidha, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba Katavi ndiyo iliyoongoza nchini kwa mimba za wasichana wa miaka 15 hadi 19: asilimia 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Nyuma ya hesabu hiyo yuko binti aliyeachishwa masomo, ambaye nyumbani hasemeshwi ila kwa kulaumiwa. Yuko pia kijana aliyemuona mwenziwe akifukiwa na kifusi katika shimo la dhahabu, na mkulima wa tumbaku mwenye deni ambaye ameacha kula na kuzungumza. Kumwambia mtu wa namna hiyo asome adhkari ni kauli ya haki, na adhkari zina nguvu yake. Mwenye mguu uliovunjika naye tunamwombea dua, kisha tunambeba kumpeleka hospitali.

Sasa tuziangalie shubha tatu ambazo mchamungu huzileta, na ana haki ya kuzileta.

Ya kwanza ni usengenyaji. Mke atamwelezaje mshauri tabia za mumewe bila kusengenya? Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu asiyekuwepo, zikiwemo kushitaki dhuluma na kutaka fatwa. Dalili mojawapo ni kisa cha Hind binti Utba, aliyemweleza Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, asikatazwe kusema. Anayetafuta tiba yuko katika mlango huo, kwa sharti aseme kiasi cha haja tu.

Ya pili ni kufichua dhambi ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri. Iliyokatazwa ni kuitangaza maovu na kujisifu kwayo. Huna haja ya kumsimulia mshauri kila jambo. Inatosha kusema yale ambayo bila hayo hawezi kukusaidia. Yeye naye amefungwa na amana, kwani Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba vikao ni amana. Hata sheria ya nchi ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi imezihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Ya tatu, nayo ni nzito, ni faragha ya mwanamke na mwanamume wasio maharimu. Mwanamke amtafute mshauri wa kike, na mwanamume wa kiume. Asipopatikana, basi ni kama daktari: mlango usifungwe, au uwe na kioo, na ndugu akae chumba cha nje ambako ataona asisikie. Kwa mtu wa Inyonga au Karema, ambaye mshauri wake huenda yuko Tabora, Mwanza au Dodoma, vikao vya simu vinapunguza tatizo hili na nauli pia, madhali anapata mahali patulivu pasipo na wasikilizaji.

Je, mshauri akiwa si Muislamu? Katika Hijra Mtume (S.A.W.) alimwajiri kiongozi wa njia asiyekuwa Muislamu, kwa sababu alikuwa mjuzi na mwaminifu. Mwambie mapema kwamba swala, funga na hijabu yako si mambo ya kujadiliwa. Aliye mweledi ataheshimu. Akikubeza, ondoka.

Kabla ya kulipa chochote, muulize amesomea chuo gani na kwa muda gani, ni nani anayemsimamia kazi yake, ada ni kiasi gani kwa kikao, na ukikosa siku moja itakuwaje. Hakuna utovu wa adabu katika maswali hayo. Jihadhari na yule anayeahidi kukuponya kwa siku tatu, anayekuuzia dawa za kienyeji ndani ya kikao, anayekuambia kila tatizo lako ni jini, au anayetaka urafiki nje ya kazi.

Kikao cha kwanza kwa kawaida huchukua kama saa moja, na wengi hutoka humo wakiwa na uchovu kuliko nafuu. Msikhofu. Mshauri atauliza kilichokuleta, usingizi wako, chakula, kazi, familia, na kama umewahi kufikiri kujidhuru. Atakueleza pia kwamba siri ina mpaka: ikiwa maisha yako, ya mtu mwingine au ya mtoto yako hatarini, itambidi ahusishe wengine. Hatakupa fatwa, wala hatakuamulia kama uachane na mumeo. Kazi yake ni kukusaidia uione hali yako vizuri na ujaribu hatua ndogo kabla ya kikao kijacho. Baada ya vikao vinne au vitano muulize waziwazi kama mnasonga mbele. Kama sivyo, kubadilisha mshauri si khiyana.

Mshauri nasaha si daktari na haandiki dawa. Anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyekesha siku kadhaa bila usingizi, au anayesema anataka kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Mpanda, na kesi ngumu huweza kufika Mirembe, Dodoma. Kwa mtoto anayedhulumiwa, simu namba 116 hupigwa bure. Anayesoma ruqya ya kisheria aendelee, ila akikuamrisha uache dawa za hospitali, usimtii.

Neno kwa waume. Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, yaliyowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, BAKWATA nayo ikiwa na yake, huwaita wawili ili kuwapatanisha. Kikao cha mshauri kinachozungumzwa hapa ni cha mtu mmoja na nafsi yake. Mkeo akiomba kwenda, hakwendi kukushitaki. Na ikiwa unamzuia kwa kukhofia atakayoyasema, basi yachunguze hayo unayoyakhofia.

Limebaki suala la fedha, kwani ada ya vikao kadhaa si ndogo kwa familia inayongoja malipo ya tumbaku. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanajuzisha fakiri na maskini kupewa zaka ya kugharimia matibabu anayoyahitaji, na maradhi ya nafsi ni maradhi. Kamati ya msikiti inaweza kumkabidhi mhusika fedha hizo mkononi mwake bila kumuuliza mbele za watu anaumwa nini. Akishazipokea ni milki yake, na jina lake halina sababu ya kusomwa kwenye kipaza sauti pamoja na hesabu za Ijumaa.

Wallahu aalam.